Kabla ya Kumlaumu Mama, Soma Daftari la Chanjo

Surua ikizuka wilayani, lawama humwendea mama kwanza: hajaelimika, anasikiliza uvumi, hajali. Wapo kweli wazazi wanaokataa chanjo, na hofu zao zinastahili kujibiwa kwa subira. Lakini keti na daftari la chanjo la zahanati ya kijijini, ulisome mstari kwa mstari, nawe utakuta watoto ambao mama zao hawakukataa chochote. Wamekwama mahali fulani kati ya nyumbani na sindano, na kila mmoja amekwama kwa sababu yake.

Tanzania ilianza mpango wake wa chanjo mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuzindua mpango wa dunia nzima. Wakati huo, katika nchi zinazoendelea, watoto waliochanjwa hawakufika asilimia 5. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2024 yanaonyesha kuwa chanjo ziliokoa maisha ya watu milioni 154 katika miaka 50, na milioni 94 kati yao waliokolewa na chanjo ya surua pekee. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2024 watoto milioni 14.3 duniani hawakupata hata dozi moja ya kuanzia. Jirani yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo.

Kipimo cha huduma tunachotumia ni chanjo ya penta. Hukinga magonjwa matano, yakiwemo dondakoo, kifaduro na pepopunda, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Idadi ya dozi ya kwanza hueleza kama huduma imewafikia watu. Pengo kati ya dozi ya kwanza na ya tatu hueleza kama waliofika waliona sababu na njia ya kurudi. Tuseme zahanati inategemea watoto 100 kwa mwaka: 90 wamepata dozi ya kwanza na 70 wamemaliza ya tatu. Kumi hawajafikiwa kabisa. Ishirini wameanza wakaachia njiani, yaani asilimia 22 ya walioanza. Pengo likizidi asilimia 10, ni dalili ya tatizo kwenye utumiaji wa huduma.

Tuanze na wale kumi. Hao dawa yao ni huduma ya mkoba: muuguzi anapakia chanjo kwenye kibebeo chenye pakiti za barafu, anapanda pikipiki, anaweka kituo kwenye ofisi ya kijiji au chini ya mwembe, kisha anarudi jioni. Kazi hii ina ufundi ambao mzazi haoni. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kichupa kina alama ya mraba ndani ya duara. Mraba ukikolea hadi kulingana rangi na duara, chanjo imeharibiwa na joto, haitumiki. Wengi hudhani joto ndilo adui pekee, kumbe penta na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi huharibika zikiganda. Ndiyo maana pakiti ya barafu haitoki kwenye friza ikaingia moja kwa moja kwenye kibebeo: huachwa kwanza ianze kuyeyuka, mpaka ukiitikisa usikie maji ndani.

Mkoba unaokwenda mahali pasipo watu ni safari ya bure. Katika Bonde la Rufiji, familia huhamia mashambani msimu wa mpunga, zikaishi kwenye madungu mbali na kijiji. Wafugaji wa Longido na Simanjiro hufuata malisho. Wavuvi wa Ziwa Victoria huhama kambi samaki wakihama. Ratiba iliyopangwa mjini bila kumuuliza mwenyekiti wa kitongoji haiwezi kujua hayo. Mkakati wa kufikia kila wilaya, uliobuniwa mwaka 2002, ulidai jambo hilohilo: kila kituo kichore ramani ya eneo lake, kihesabu watoto kitongoji kwa kitongoji, kipange siku za mkoba pamoja na wananchi, na kitumie takwimu zake kujirekebisha.

Wale ishirini walioachia njiani walishaijua zahanati. Wengine kadi zimepotea wakaogopa kufokewa. Wengine ni mama lishe na wauza genge, ambao asubuhi ya kliniki ndiyo asubuhi ya riziki. Wengine wanadhani wakichelewa dozi lazima waanze upya, nao wanaona aibu. Hawaanzi upya: mtoto aliyechelewa huendelea pale alipoishia. Njia rahisi ya kuwafuatilia ni sanduku lenye vyumba 12, kimoja kwa kila mwezi. Nakala ya kadi huwekwa kwenye mwezi ambao mtoto anatakiwa kurudi. Mwezi ukiisha, kadi zilizobaki ndizo za watoto wa kutafutwa. Daftari la kielektroniki, ambalo nchini Tanzania lilianzia mkoani Arusha, linafanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi. Hata hivyo kompyuta haibishi hodi. Anayebisha ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000, wawili kwa kila kitongoji na mtaa.

Yuko mtoto wa aina ya tatu, ambaye daftari halimwonyeshi kabisa: aliyeletwa akarudishwa. Kichupa cha chanjo ya kifua kikuu huwa na dozi 20, cha surua na rubela mara nyingi dozi 10. Zote mbili ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi mwenye mtoto mmoja mbele yake anaona dozi 9 za surua zikienda jalalani na ripoti ya upotevu ikimsubiri, basi anamwambia mama: rudi Alhamisi, watoto wakiwa wengi. Mama aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni huenda asirudi.

Kanuni ya saa 6 haina mzaha. Mei 2017, huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa katika kampeni ya surua. Sirinji moja ya kuchanganyia ilitumika siku zote nne, na chanjo hazikuhifadhiwa kwenye baridi. Kwa hiyo suluhisho si kuweka kichupa kilichofunguliwa hadi kesho. Suluhisho ni kukifungua hata kwa mtoto mmoja, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na kuagiza chanjo kwa hesabu iliyokwisha kutazamia upotevu huo. Penta na matone ya polio ni za majimaji. Kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikihifadhiwa ipasavyo, hivyo hapo kisingizio hakipo.

Je, kampeni za nyumba kwa nyumba zisingemaliza yote haya? Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio ya asili, na Tanzania, ambayo ilithibitishwa kuitokomeza mwaka 2015, ikatuma wachanjaji majumbani kuanzia mikoa ya mpakani. Kwa dharura, njia hiyo haina mbadala. Lakini matone ya polio hayahitaji sindano, tofauti na penta na surua, na mchanjaji akishapita hageuki kuwa kliniki ya mwezi ujao. Surua haingoji kampeni: mgonjwa mmoja, kati ya watu wasio na kinga, huambukiza 12 hadi 18, ndiyo maana tunahitaji asilimia 95 ya watoto wapate dozi zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Wastani mzuri wa wilaya unaweza kuficha kitongoji ambacho nusu ya watoto hawana kinga, na huko ndiko surua itakakoanzia.

Kwa mzazi, la kufanya ni dogo: itazame kadi leo, na dozi ikikosekana mpeleke mtoto hata kama amechelewa. La viongozi ni kubwa kidogo. Mafuta ya pikipiki na posho ya muuguzi wa mkoba ni fedha ndogo zisizo na mtetezi, na bajeti ikibana ni rahisi kuzikata. Kwenye mkutano ujao wa kijiji, mwulize diwani wako maswali matatu: mkoba ulipangwa kuja mara ngapi mwaka huu, umekuja mara ngapi, na zile zilizokosekana zilikosekana kwa sababu gani.