Theodor Bilharz na njia ndefu ya kichocho hadi Kabambare

Mtu wa miaka thelathini anapotapika damu ghafla, tumbo limemvimba na wengu umekuwa mgumu chini ya mbavu, jamaa zake huanza kurudi nyuma siku kwa siku: alikula kwa nani juzi, aligombana na nani wiki iliyopita, nani alimpa kinywaji pale matangani. Ni hesabu ya watu wenye akili timamu, maana damu iliyotoka ghafla hudhaniwa kuwa na sababu ya ghafla. Lakini kwa kichocho cha tumbo, ugonjwa uliokita mizizi katika mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, hesabu hiyo hukosea kwa miaka ishirini. Sababu iko kwenye kijito alichokuwa akiogelea akiwa na miaka minane. Anayelaumiwa kwa sumu au uchawi pengine hakuwa hata amehamia mtaa ule. Jambo ninalotaka kulitetea hapa ni hili: Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyemgundua mnyoo wa kichocho, alitufaa zaidi kwa kutuonyesha mnyoo huyo anakaa wapi mwilini. Makazi hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini ugonjwa huchelewa kujitokeza, kwa nini vidonge peke yake haviumalizi, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi ya kuuondoa Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa huo, iko nje ya ukuta wa hospitali.

Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, akasomea udaktari Freiburg na Tübingen. Mwaka 1850 alimfuata mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, hadi Cairo, ambako Griesinger alikuwa ameitwa na mtawala wa Misri, Abbas wa Kwanza, kuongoza shule ya udaktari. Mwalimu alirudi Ulaya mwaka 1852. Mwanafunzi akabaki, na baadaye akawa profesa wa anatomia. Kazi yake ya kila siku katika hospitali ya Kasr el-Aini ilikuwa kupasua maiti na kutazama. Mwaka 1851, akiwa na miaka 26, alifungua mshipa mnene unaopeleka damu kutoka matumboni hadi kwenye ini, akakuta ndani yake minyoo weupe. Dume ana urefu wa karibu sentimita moja, na mwili wake umekunjwa kwa urefu kama ganda la mharagwe lililofunguka kidogo. Ndani ya mkunjo huo amelala jike, mwembamba kama uzi, na wawili hao huishi wakiwa wameshikamana hivyo. Tarehe 1 Mei mwaka huo alimwandikia mwalimu wake mwingine, Carl Theodor von Siebold, kumweleza alichokiona.

Damu kwenye mkojo, dalili ya kichocho cha kibofu, haikuwa habari mpya Misri. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya mnyoo huyu yamegeuka chokaa ndani ya figo za maiti mbili zilizohifadhiwa tangu zama za mafarao, zenye umri wa miaka zaidi ya elfu tatu. Wakulima wa bonde la Nile waliijua dalili hiyo vizazi na vizazi. Kilichokosekana ni uzi wa kuunganisha dalili na chanzo, na uzi huo ulipatikana kwenye meza ya maiti. Griesinger aliandika kwamba katika maiti 363 walizopasua, 117 zilikuwa na ugonjwa huu, karibu theluthi moja. Hapo kilichodhaniwa kuwa udhaifu wa mtu mmoja mmoja, au hali ya hewa ya joto, kilionekana kuwa mzigo wa taifa zima. Bilharz hakuishia kwenye mnyoo mmoja. Aliandika kitabu kizima kuhusu kiungo cha umeme cha kambare wa Nile, samaki ambaye ndugu zake wapo pia katika mto Kongo na ambaye mvuvi wa Lualaba humtambua kwa mshtuko wa mkono kabla hajamwona kwa macho. Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa mtawala Ernst wa Saxe-Coburg-Gotha hadi Massawa, akarudi na homa iliyomuua Cairo tarehe 9 Mei, akiwa na miaka 37.

Sasa tufuate njia yenyewe, kwa sababu hoja yote imesimama juu yake. Mtu mwenye kichocho cha tumbo hutoa mayai pamoja na choo. Mayai yakifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka humtafuta konokono fulani mdogo wa maji baridi, mwenye ganda bapa lililojiviringa kama kamba. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kumwaga majini maelfu ya viluwiluwi vya aina nyingine, hasa saa za jua, navyo hupenya ngozi ya mtu bila kidonda na mara nyingi bila maumivu yoyote. Haya Bilharz hakuyajua. Yalithibitishwa Japani mwaka 1913, na Misri mwaka 1915 kwa kazi ya Robert Leiper. Ndani ya mwili, minyoo hukua na kutulia katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na wanaweza kuishi humo miaka mitatu hadi kumi, wengine zaidi. Jike hutaga mayai mia moja hadi mia tatu kwa siku. Karibu nusu ya mayai hayo hayatoki nje kamwe. Yanasukumwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama katika vijishipa vyake, na mwili huyazungushia kovu dogo kila moja. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka, ini huwa gumu kuzunguka mishipa yake. Damu iliyozuiwa hapo hutafuta njia nyingine: huvimbisha wengu, huvimbisha mishipa laini ya umio, na siku moja mshipa mmoja hupasuka. Ndiyo damu ile inayotapikwa. Mnyoo hakufanya jambo la ghafla hata siku moja. Alikuwa akitaga tu.

Ndiyo maana nasema anatomia hapa ni somo la haki. Asiyeijua njia hii hana budi kumtafuta mkosaji aliye karibu, iwe ni jirani, mke mwenza au pombe ya mgonjwa mwenyewe. Kabambare ina mfano wake wa zamani. Msafiri Mskoti David Livingstone alikwama huko miezi mingi kati ya 1870 na mwanzo wa 1871, miguu ikiwa na vidonda, na katika daftari lake aliandika habari za safura, akiieleza kuwa ugonjwa wa kula udongo. Aliandika alichoambiwa na alichokiona: watu waliopauka, waliovimba, wanaokula udongo. Lakini karibu miaka ishirini kabla, huko Cairo, Griesinger alikuwa ameshafungua utumbo wa mtu aliyekufa kwa upungufu wa damu na kuukuta umejaa damu na minyoo midogo iliyong'ang'ania ukuta wake. Leo Kiswahili kinamwita mnyoo huyo kwa jina lilelile, safura. Jina lilitoka kwa watu, sababu ikatoka kwenye maiti iliyopasuliwa, na maarifa hayakukamilika mpaka viwili hivyo vilipokutana.

Tukirudi Maniema, njia ya kichocho inapita pale pale watu wanapotafuta riziki. Mkoa huu ulichimbwa kasiterite na makampuni tangu enzi ya Wabelgiji, na dhahabu inachimbwa hadi leo upande wa Namoya na Salamabila, katika teritwari ya Kabambare. Kuosha mchanga wa madini ni kazi ya majini: mtu husimama kwenye maji yaliyozibwa, magoti yamezama, mikono inazungusha beseni tangu asubuhi hadi jioni. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji yaliyotulia, na maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makao ya konokono. Wachimbaji hutoka mbali, hukaa kambini bila vyoo, huondoka na minyoo yao hadi kambi nyingine. Kama mtu angekusudia kujenga mtambo wa kuzalisha kichocho, asingeongeza kitu.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi lenye nguvu: dawa ipo. Prazikwanteli, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1970, ni vidonge vya kumeza mara moja, bei yake ni ndogo, na kampuni ya Merck huvitoa bure kwa mamilioni kupitia Shirika la Afya Duniani. Kwa nini basi kuhangaika na mashimo na mabomba? Nakubali nusu ya pingamizi hili kwa moyo wote. Dawa huua minyoo wakubwa na kulipumzisha ini kabla halijaharibika, na mtoto aliyetibiwa mapema anaweza asitapike damu maishani. Pale Maniema hasa, mtaalamu Mholanzi A. M. Polderman na wenzake waliendesha katika eneo la migodi matibabu ya watu wengi kwa dawa yaliyoripotiwa kwa miaka minane, katika miaka ya 1970 na 1980, na kazi yao inahesabika kati ya masomo makubwa ya kichocho katika Kongo. Lakini irudie njia ile. Kidonge hakiwaui minyoo wachanga waliopenya ngozi wiki iliyopita, wala hakimgusi konokono. Mtoto anameza dawa Jumatatu shuleni; Jumanne anarudi majini. Kutibu bila kubadili maji ni kazi isiyo na mwisho, na siku mgawo wa vidonge ukikatika kwa vita au kwa barabara mbovu, ugonjwa hurudi ulipokuwa.

Tena dawa yenyewe inaweza kugeuka balaa ikitolewa bila uangalifu. Kabla ya vidonge, Misri ilitibu kichocho kwa sindano za antimoni, kampeni kubwa iliyoendelea kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sindano zilichemshwa vibaya na kutumiwa kwa watu wengi, na kwa njia hiyo virusi vya homa ya ini aina ya C vikaenea katika vijiji vizima. Nchi iliyompa Bilharz maiti zake ililipa mara mbili.

Wengine husema shida ni watu wenyewe: wazazi wawazuie watoto mtoni. Kauli hii inanihuzunisha, kwa kuwa humbebesha mama kosa ambalo hana uwezo wa kulirekebisha. Mihogo michungu lazima ilowekwe siku kadhaa ndipo iliwe, na inalowekwa kijitoni. Nguo zinafuliwa kijitoni. Katika Kasongo na Kabambare, ambako Uislamu una mizizi tangu zama za misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, wengi hutawadha kwa maji ya kijito hichohicho mara tano kwa siku. Ukimwambia mtu asiguse maji, umemwambia asile, asiwe msafi na asiswali.

Na lipo pingamizi la mwisho, kwamba kuna vita, malaria na kipindupindu, na kichocho kingoje. Ni kweli kichocho hakijazi wodi kwa usiku mmoja. Lakini ukubwa wake umefichwa na upolepole wake. Mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 duniani walihitaji kinga ya dawa dhidi yake, wengi mno wakiwa Afrika. Na ile kazi ya maji na vyoo inayokizuia ndiyo ileile inayozuia kipindupindu. Kasongo si mahali pa kuambiwa haiwezekani. Ni hapa, kuanzia miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo ulionyesha kwamba vituo vidogo vya afya vyenye wauguzi waliofunzwa, vikiungwa mkono na hospitali moja, vinaweza kuhudumia vijiji vya mbali. Kituo cha namna hiyo chenye hadubini moja na mtu anayejua kuitumia kinaweza kuyaona mayai ya kichocho kwenye choo miaka mingi kabla ya damu kutapikwa. Yeyote mwenye mamlaka juu ya zoni za afya za kusini mwa Maniema, na yeyote anayetoa kibali cha kuchimba, naomba aanzie hapo: hadubini kituoni, vyoo kambini, mashimo yafukiwe kazi ikiisha, na bomba au chemchemi iliyojengewa karibu na kila mahali watu wanapofua na kuloweka mihogo.

Wakati bomba halijafika, msomaji ashike jambo moja linalotokana moja kwa moja na njia tuliyoifuata. Viluwiluwi vinavyotoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili visipompata mtu. Maji ya kijito yaliyochotwa na kuachwa siku mbili kamili kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono ndani, yanafaa kuogea na kutawadhia. Ya kunywa bado yachemshwe.