Kidude cha Umeme Mgongoni: Nani Alipe?

Saa nne usiku. Baba Junior kalala kifudifudi, kiuno kimejaa vibandiko, waya zinaingia kwenye kidude kinachoenea kiganjani. Mama Junior kakaa pembeni ya kitanda anapiga hesabu za mwezi.

"Baba Junior, hicho kidude kinasaidia kweli, au ndo ada ya mtoto imeshakwenda?"

Jamaa ananuna. Anachosikia yeye ni kwamba mke wake haamini kuwa anaumwa. Mwenzie wala hakuwa na maana hiyo, alikuwa anaulizia hela tu.

Mpenzi msomaji, ugomvi huu si wa chumbani kwenu peke yenu. Bima za afya za umma katika nchi mbalimbali nazo zimeumiza kichwa kwa swali hilohilo: kidude hiki kinamfaa nani, na nani alipe? Ukiangalia walivyolijibu, utapata mbinu ya kumaliza mjadala nyumbani bila kununiana.

Kinafanyaje kazi?

Kinaitwa TENS. Kinapitisha umeme mdogo kwenye ngozi hadi kwenye mishipa ya fahamu, nawe unasikia kama unatekenywa au unapata ganzi. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Hisia za mguso zikijaa, lango linabanwa na taarifa za maumivu zinapungua kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko, mkono mwingine unakimbilia kusugua. TENS inasugua kwa umeme.

Marekani walivyoamua

Mfano mzuri ni Medicare, bima ya umma ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Bima hii haikubali kila kitu, wala haikatai kila kitu.

Ukitoka kufanyiwa upasuaji, inaweza kulipia TENS kwa maumivu ya kidonda, kwa kawaida si zaidi ya siku 30. Kwa maumivu sugu, masharti yanakaza: yawe yamedumu angalau miezi mitatu, na tiba nyingine ziwe zimejaribiwa zikashindwa. Hata hapo hununuliwi papo hapo. Unakodishiwa kwanza kwa siku 30 hadi miezi miwili, kisha daktari anaangalia kama kweli umepata nafuu. Ikiwa ndiyo, bima inachangia kununua, nawe unabaki na asilimia 20 ya gharama iliyokubaliwa, ukishamaliza kile kiwango cha mwaka unachotakiwa kulipa mwenyewe kwanza. Maumivu ya kichwa hayamo. Ya nyonga kwa ndani hayamo pia.

Sasa shika kiti. Mwezi Juni 2012, Medicare iliondoa maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa maalum unaoyasababisha. Kwa miaka mitatu ikakubali kuwalipia tu waliokuwa ndani ya utafiti ulioidhinishwa. Miaka hiyo ikapita, na mlango ukabaki umefungwa. Yaani tatizo linalowapeleka watu wengi kutafuta kidude hiki ndilo lililokataliwa!

Kwani maumivu ni ya uongo?

Hapana, bosi. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila ushahidi ndio haukutosha. Mwaka 1990, utafiti wa watu 145 wenye maumivu sugu ya kiuno ulilinganisha TENS halisi na kifaa cha kuigiza kisichotoa umeme. Tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilisema TENS haifai kwa kiuno sugu, ila inaweza kufikiriwa kwa maumivu ya mishipa yanayoletwa na kisukari. Uingereza nayo, mwaka 2016, mwongozo wa taifa uliwaambia wahudumu wasiitoe kwa maumivu ya kiuno.

Lakini mwaka 2022 wataalamu walikusanya tafiti 381 za maumivu ya aina mbalimbali, wakaona TENS inapunguza maumivu wakati inatumika au mara baada ya hapo. Wapo pia wanawake wanaopata nafuu ya maumivu ya hedhi. Bima sasa inauliza: nafuu ya saa moja itamrudisha mtu kazini? Ujerumani wao wamelegeza: daktari akikuandikia, bima ya umma inaweza kulipia, nawe unachangia asilimia 10, isiyopungua euro 5 wala kuzidi euro 10.

Kabla hamjafungua pochi

1. Pima kwanza. Mgongo unaoambatana na miguu kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kupungua uzito ni wa hospitali, tena haraka.

2. Jaribu kabla ya kununua. Mwombe mtaalamu wa tiba ya viungo akuwekee TENS kliniki mara kadhaa.

3. Andika. Kila siku jipe alama 0 hadi 10, na uandike ulichoweza kufanya: kubeba mtoto, kukaa kwenye daladala, kulala usiku kucha.

4. Uliza bima yako kwa maandishi: inalipia ugonjwa gani, kukodi au kununua, na vibandiko vikiisha inakuwaje? Vibandiko vinaisha, na hela yake ni ya kila mara.

5. Usijaribu bila daktari kama una kifaa cha moyo kilichopandikizwa, kifafa au ujauzito. Usikiweke mbele ya shingo, wala usikitumie ukiwa unaendesha gari au unaoga.

Baada ya mwezi, kaeni wawili na lile daftari. Kama Baba Junior analala vizuri na anabeba mtoto, hela haikupotea. Kama alama ni zilezile, kirudi kilikotoka, na hela iende kwenye mazoezi ya mgongo pamoja na mtaalamu.

Na wewe mwenye kalamu ya bajeti, kabla ya kuuliza bei, anza na hili: "Pole mume wangu, leo panauma vipi?" Hilo halihitaji bima.