Imani ya Watazamaji si Mali ya Mtunzi

Mtunzi wa michezo ya televisheni amepewa dhamana kubwa. Huingia katika nyumba za watu bila kupiga hodi, akaketi pamoja na wazee na watoto, akawafundisha nani astahili heshima na nani achekwe. Hapa Magomeni, toka Mapipa mpaka Mwembechai, jua likishachwa na wafanyakazi wakisharejea kutoka Kariakoo na bandarini, yeye ndiye mgeni wa kila nyumba. Mgeni wa namna hiyo yatupasa kuijua tabia yake.

Habari za Joss Whedon wa Marekani zina fundisho. Bwana huyu ndiye aliyeuanzisha mchezo wa Buffy the Vampire Slayer, ulioonyeshwa tangu 1997 hadi 2003. Msichana wa shule, ambaye katika hadithi za zamani angekuwa windo la mazimwi, humo akawa ndiye mwindaji wao. Wanawake wengi walijiona wamepata mtetezi, na mwaka 2006 chama cha Equality Now kilimtunukia heshima. Jina lake likawa ushahidi kwamba mwanamume aweza kumwandika mwanamke kwa haki.

Agosti 2017 aliyekuwa mkewe, Kai Cole, aliandika hadharani kwamba bwana huyo alikuwa akihubiri usawa huku kwa miaka mingi akimficha mahusiano yake na wanawake wengine, wakiwamo aliofanya nao kazi. Februari 2021 mchezaji wake, Charisma Carpenter, akaeleza kwamba alipokuwa mjamzito alidhihakiwa unene wake, na alipokwisha kujifungua akaondolewa katika mchezo wa Angel. Wenzake kadhaa walisimama upande wake. Whedon, alipohojiwa mwaka 2022, aliyakanusha baadhi ya madai, ila alikubali kwamba hakuwa mtu wa adabu njema kazini. Watazamaji waliokuwa wakimtetea walikwisha kuondoka mmoja mmoja.

Wako wasemao kwamba kazi ni kazi na tabia ni tabia, nasi tule embe bila kumwuliza aliyepanda mwembe. Neno hilo ni nusu ya kweli. Mchezo wa televisheni si shamba la mtu mmoja. Buffy iliandikwa pia na akina Marti Noxon na Jane Espenson, na aliyeibeba machoni pa watu ni Sarah Michelle Gellar. Mwaka 2021 Gellar alisema anaona fahari jina lake kutajwa pamoja na Buffy, lakini hataki lifungamane milele na la Whedon. Hapo ndipo penye haki. Heshima ya kazi ni ya wote walioitolea jasho. Wala mmoja wao hana ruhusa ya kuifanya ngao ya kuwaonea wenzake.

Na sisi je? Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Bara mwaka 1994. Tangu hapo tumetazama michezo mingi ya kwetu, na mingine ni mizuri kwa kweli. Lakini mara ngapi mwanamke wa Dar es Salaam ameonyeshwa kuwa mpenda fedha za watu, mchawi, mama mkwe mwenye husuda, au mke anayepigwa kofi ili watazamaji wacheke? Mji huu ndio ambamo mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliviendea vikundi vya ngoma vya akina mama, akawaingiza kwa wingi katika chama cha TANU. Mama lishe anayewasha jiko kabla ya alfajiri ili mchukuzi ale aende kazini hana nafasi katika mchezo ila ya kuchekwa.

Asidhani mtu kwamba dhihaka haina madhara. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipokwisha kupitisha azimio la kupiga marufuku nguo fupi, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake katika kituo cha mabasi cha Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Azimio lilitaja nguo. Mikono iliwashika watu. Anayezoea kumcheka mwanamke hachelewi kumnyanyasa.

Tena jambo hili ni la wafanyakazi. Mchezaji wa kike ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ujauzito, na inauhesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi. Lakini sheria haimfikii binti asiye na mkataba, aambiwaye kwamba akinung'unika nafasi yake atapewa mwingine.

Kwa hiyo tunasema: wachezaji wapewe mikataba ya maandishi, wanawake waitwe katika meza ya kutunga, si mbele ya kamera tu, na anayelalamika asikilizwe kabla ya jina la mtunzi kulindwa. Sisi watazamaji nasi tusimpe mtu yeyote imani isiyo na mwisho. Tumpime kwa maneno anayowaandikia wanawake, na zaidi kwa jinsi anavyowatendea wale wanaoyatamka.