Uandishi wa Programu katika Utafiti wa Ekegusii

Ekegusii ni lugha ya Kibantu izungumzwayo hasa katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya. Zamani mtafiti wa lugha kama hii aliandika maneno kwenye vikaratasi, akavipanga kwa mkono. Siku hizi maneno huhesabiwa kwa kompyuta, na mara nyingi mwanaisimu mwenyewe ndiye aandikaye programu ya kuhesabia, ingawa hakupata kufunzwa kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mafunzo ya namna hii hayana budi kutilia mkazo uthibitishaji wa programu tangu siku ya kwanza.

Mfano wa ngeli ya 7 unatosha. Nomino zake huanza kwa eke-, kama vile ekerogo (kiti) na jina lenyewe Ekegusii. Hata hivyo, mzizi ukianza kwa konsonanti isiyo ghuna, k ya kiambishi hugeuka kuwa g. Kwa hiyo husemwa egetabu (kitabu). Badiliko hili huitwa Kanuni ya Dahl, nalo hupatikana pia katika Kikuyu. Huonekana vilevile katika vitenzi: kogenda (kwenda), lakini gosoma (kusoma).

Sasa, mtafiti akiiamuru kompyuta itafute maneno yaanzayo kwa eke- tu, maneno ya aina ya egetabu yote yataachwa. Programu yenye kosa la tahajia hukwama, na mwandishi akagutuka. Yenye kosa la mantiki haikwami. Hutoa jumla iliyo safi machoni, kumbe ni ya uongo. Jumla hiyo huweza kuingia katika makala, kisha katika sarufi na kamusi, hatimaye katika vitabu vya shule.

Kinga yake ni orodha fupi ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana. Mathalani: ekerogo, Ekegusii, egetabu, egari (gari). Jibu sahihi ni 3, kwani egari ni ya ngeli ya 9. Programu itafutayo eke- tu hutoa 2, au 1 ikiwa inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ikipanuliwa itafute ek- na eg-, hutoa 4. Itafutayo eke- na ege-, bila kujali ukubwa wa herufi, hutoa 3. Jaribio hili lirudiwe kila programu ibadilishwapo, na kila kosa jipya ligunduliwapo, neno lililolifichua liongezwe katika orodha.

Desturi nyingine zinafuatana na hiyo. Data asilia isiguswe. Marekebisho yafanywe katika nakala. Programu igawanywe katika sehemu fupi zenye majina yanayoeleza kazi zake. Kila toleo lihifadhiwe pamoja na sababu ya badiliko. Tena mtu wa pili aisome kabla ya matokeo kuchapishwa.

Mafunzo ya desturi hizi kwa watafiti si jambo geni: Software Carpentry ilianzishwa Marekani mwaka 1998 kwa kusudi hilo. Lakini orodha ya majaribio ya Ekegusii haiwezi kuagizwa kutoka huko. Itatungwa na wale waijuao lugha, kwa kuwa ndio wawezao kuona kwamba egetabu limeachwa.