Hiyo K Inafanya Kazi Gani?

Kwenye TP ya mwaka jana nilipangiwa kidato cha pili, somo la Kiingereza. Siku ya tatu nikamwita kijana mmoja wa dawati la nyuma asome aya kwa sauti. Alipofika kwenye neno knife akasoma "kinaifu". Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, jambo linaloniuma mpaka leo, maana mwalimu akicheka darasa limeshapewa ruhusa. Kijana akakaa. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza: "Sasa Madam, kama haisomwi, hiyo K inafanya kazi gani pale?"

Nikampa jibu ambalo wengi wetu tulipewa: ndivyo Kiingereza kilivyo, kariri tu. Wiki ile yote hakunyoosha mkono tena.

Jibu lenyewe lipo, na wala si gumu. Chukua maneno yanayoanza na KN: know, knee, kneel, knot, knit, knock, knead, knuckle, knight, knife. Yote hayo zamani yalisomwa na K yake. Mwingereza wa wakati wa Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipotaja goti ulisikia K kisha N, kama vile Mjerumani anavyosema Knie mpaka leo. Wajerumani hawajaiacha K hata kidogo: fundo kwao ni Knoten, na K unaisikia vizuri kabisa.

Mwaka 1476 William Caxton akafungua mtambo wa kupiga chapa pale Westminster. Vitabu vikaanza kusambaa, na taratibu tahajia ikaanza kuganda kama uji uliopoa. Ndimi za watu hazikuganda. Katika karne ya 17 K ya KN ikaanza kulegea, na karne ya 18 ilipopamba moto ilikuwa imeshatoweka katika Kiingereza sanifu cha Uingereza. Sauti imeondoka, herufi imebaki kwenye karatasi. Hata Noah Webster, Mmarekani aliyeng'oa U kwenye colour, katika kamusi yake ya 1828 aliiacha knife na K yake.

Sasa turudi kwa yule kijana wangu, maana hapa ndipo nilipoona aibu. Knife iliingia kwenye Kiingereza kutoka kwa Waskandinavia, waliosema knífr. Wafaransa nao waliazima neno la ukoo huohuo. Lakini ulimi wa Kifaransa ukagoma kubeba K na N kwa mpigo, wakachomeka irabu katikati, wakapata canif, yaani kisu kidogo cha kukunja. Isome polepole: kanif. Kijana wa dawati la nyuma alifanya kitu kilekile kilichofanywa na taifa zima la Ufaransa, na wao hakuna anayewacheka. Sisi wenyewe ndivyo tulivyofanya tulipopokea driver tukapata dereva, na brush tukapata burashi. Kosa lake lilikuwa na kanuni ndani yake. Mimi niliyesomea isimu mihula miwili sikuiona.

Ukishajua K ilikuwa hai, maneno yanaanza kuonyesha undugu wao. Knit na knot ni ndugu wa damu: kufuma ni kufunga mafundo, basi. Know ina jamaa wengi zaidi, ila wamevaa G, kwa sababu wamepitia Kilatini na Kigiriki: ignorant, recognize, diagnosis, agnostic. Wote wanahusu kujua au kutojua. Goti nalo ni hivyohivyo, Kilatini ni genu na Kiingereza ni knee. Uhusiano huu wa G ya Kilatini na K ya lugha za Kijerumani ni sehemu ya kanuni aliyoieleza Jacob Grimm mwaka 1822, huyohuyo mkusanyaji wa hadithi za watoto. Na kuna sehemu moja ambapo K ya know bado inasikika hadi leo: acknowledge. Tunaiandika kila mwaka kwenye ukurasa wa shukrani wa ripoti zetu wala hatushtuki.

Ninalolipenda kuliko yote ni knight na knave. Kwenye Kiingereza cha kale, cniht alikuwa kijana wa kiume, au mtumishi. Cnafa naye alikuwa kijana wa kiume. Vijana wawili, herufi za mwanzo zilezile. Wa kwanza akawa mtumishi wa bwana vitani, akapanda farasi, akapanda cheo, leo mtu akipewa hadhi hiyo na mfalme anaitwa Sir. Wa pili akabaki jikoni na mazizini, na jina lake likaishia kumaanisha laghai. Ujerumani mambo yakawa kinyume: Knecht alibaki mtumishi, na Knabe ni mvulana tu asiye na kesi yoyote. Ile GH ya knight nayo ilikuwa na sauti yake, karibu na KH ya mtu wa pwani anaposema kheri.

Najua mtu atasema, silabasi haina nafasi ya hadithi hizi, vipindi ni vya dakika 40 na darasa lina watoto zaidi ya 80. Ni kweli. Lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha ambayo herufi ikiandikwa inasomwa, anapofika sekondari na kukuta K isiyosomwa, ana haki ya kuuliza. Kumwambia akariri kunachukua sekunde 5. Kumweleza, nilipima baadaye, kulinichukua dakika 6.

Nilifanya hivyo wiki ya mwisho. Nikaandika canif ubaoni, nikamwomba kijana yuleyule aisome. Akaisoma. Nikaliambia darasa ni Kifaransa, na maana yake ni nini. Safari hii hakuna aliyecheka, isipokuwa yeye mwenyewe. Halafu mkono ukanyooka kule nyuma: "Na ile P ya pneumonia, Madam?"

Kengele ikaniokoa. Ile ni ya Wagiriki.