Majirani Walio Vitani na Wajibu wa Wanaushirika

Asimamaye ufukweni Kirando huelekea Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nchi hiyo imepata vita mara nyingi: vita vya 1996 hadi 1997 vilivyomwondoa Mobutu, vita vya pili vilivyoanza Agosti 1998, na mapigano ya mashariki ambamo waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari 2025. Vita vya jirani havikomi mpakani. Hapana budi basi wanaushirika wa Ufipa wavielewe.

Si kweli kwamba watu wa huko wamezaliwa wagomvi. Ukoloni wa Wabelgiji uliiacha Kongo mwaka 1960 ikiwa na wasomi wachache mno wa kuiendesha. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, zaidi ya watu milioni moja walikimbilia mashariki ya nchi hiyo, na miongoni mwao walikuwamo wauaji wenye silaha. Majeshi ya nchi jirani yakaingia. Dhahabu na madini mengine yakawa mfuko wa kuwalipa wenye bunduki. Aumiaye ni mkulima, kwa maana shamba haliwezi kubebwa mgongoni.

Mkoa wa Rukwa unayo mafunzo yake. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwaleta Tanzania wakimbizi wengi. Baadhi yao walipewa ardhi katika makazi ya Katumba na Mishamo, wilayani Mpanda, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rukwa. Tangu 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Walifyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 wakimbizi wapatao 162,000 wa mwaka ule wa 1972 walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Funzo ni wazi: chakula cha msaada huokoa maisha, lakini ardhi na jembe humrudishia mtu heshima.

Je, chama cha msingi kifanye nini?

Kwanza, mgeni akishuka mwaloni apewe maji na chakula, kisha Afisa Mtendaji wa Kijiji ajulishwe mara moja. Kumficha mgeni humnyima hifadhi ya sheria, na huweza kuwapa nafasi wenye silaha.

Pili, asitumikishwe kwa ujira wa chini kwa sababu tu hana wa kumtetea. Huo ni unyonyaji, na ushirika ulianzishwa kuupiga vita unyonyaji.

Tatu, mchango wa chama uamuliwe na mkutano mkuu, uandikwe vitabuni, ukabidhiwe kwa stakabadhi kupitia serikali au shirika linalotambuliwa. Huruma isiyo na hesabu huzaa wizi, na wizi huua moyo wa kutoa.

Nne, mahindi yakaushwe vema na kuhifadhiwa vizuri. Gunia lenye ukungu wa sumu si msaada kwa yeyote, awe mkimbizi au mwenyeji.

Kanuni ya saba ya ushirika, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1995, inavitaka vyama kuijali jamii. Kanuni hiyo haikusema jamii inaishia kwenye maji ya ziwa. Yafaa kila chama kiliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake kabla ya mavuno, wakati ghala lingali tupu na uamuzi ungali mwepesi.