Mtoto wa Kiyahudi Husali Kabla ya Kuelewa



Wengi wetu tukisikia neno "Wayahudi" tunawafikiria Mafarisayo wa Injili, au vita kwenye taarifa ya habari. Ni mara chache tunamfikiria mama anayemvalisha mtoto wa miaka mitatu soksi huku wakisali pamoja. Muhula huu nimesoma juu ya malezi ya watoto wadogo katika familia za Kiyahudi zinazoshika mapokeo (si zote zinayashika kwa kiwango kimoja), na nimekuta jambo lililonikosesha raha. Nitalieleza hapa chini.

Tuanze asubuhi. Mtoto akifumbua macho tu, kabla hajashuka kitandani, husema sala fupi iitwayo Modeh Ani. Kwa Kiebrania ina maneno 12. Ndani yake humshukuru Mfalme aliye hai kwa kumrudishia roho yake. Jina takatifu la Mungu halimo, ndiyo maana inaweza kusaliwa hata kabla ya kunawa mikono. Mtoto mdogo hajui "roho" ni nini. Hata sisi tulio darasa la falsafa bado tunabishana! Lakini anaisema kila siku.

Akitoka chumbani anakutana na mezuza. Hiki ni kijikasha kilichopigiliwa kwenye mwimo wa kulia wa mlango, na ndani yake mna kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na 11:13-21. Wakubwa hukigusa wakipita, kisha hubusu vidole. Mtoto hafiki, kwa hiyo baba humnyanyua ili naye aguse.

Kuna baraka ya mkate, ya matunda, na hata ya kutoka chooni. Ndugu zangu mafrateri walicheka nilipowaambia hii ya mwisho. Mtoto aliyekwisha kuacha nepi hufundishwa kwamba akitoka msalani na kunawa mikono amshukuru Mungu aliyeumba mwili wenye matundu na mishipa, ambao tundu moja likiziba mtu hawezi kusimama mbele zake. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa figo hatacheka.

Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, mama huwasha mishumaa ya Sabato na kufunika macho kwa viganja. Kisha mzazi huweka mikono juu ya kichwa cha kila mtoto. Wavulana huombewa wawe kama Efraimu na Manase, kufuatana na Mwanzo 48:20. Wasichana wawe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Inafuata baraka ya makuhani ya Hesabu 6. Hata kama wiki hiyo mtoto alivunja vikombe na kuchapana na dada yake, Ijumaa mikono ile inarudi kichwani pake.

Usiku, kitandani, husali Shema, ungamo kwamba Bwana ni mmoja, ambalo Yesu alilitaja alipoulizwa amri ya kwanza (Mk 12:29). Talmudi inasema mtoto akianza tu kuweza kusema, baba amfundishe Shema. Katika sala hizo za kulala mna pia mstari wa Zaburi 31 wa kuiweka roho mikononi mwa Mungu. Ndio huo Bwana wetu aliousali msalabani (Lk 23:46), na ndio tunaousali sisi kila usiku katika Liturujia ya Vipindi. Wapo wanaodhani kwamba huenda aliujua tangu akiwa mdogo Nazareti. Mimi siwezi kulithibitisha hilo, ila tangu niwaze hivyo sisinzii tena kwenye Sala ya Usiku.

Sasa lile lililonikosesha raha. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, ibada ya mezani husubiri maswali ya mtoto. Kwa desturi, mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mwingine wote, na wazazi hujibu kwa kusimulia walivyotoka Misri. Agizo limo katika Kutoka 12:26. Ili asilale mapema, kipande cha mkate usiotiwa chachu hufichwa akitafute, na akikipata hupewa zawadi.

Likizo iliyopita nilikuwa kigangoni nikiwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Mmoja aliniuliza kwa nini tunapiga goti mbele ya sanduku. Muda ulikuwa umekwisha, nikamwambia anyamaze, ataelewa akikua. Nilijiona nimejibu kwa hekima, maana ni kweli kwamba mazoea hutangulia maarifa. Aristotle naye anasema tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki. Lakini Wayahudi hawakuishia hapo. Wanampa mtoto tendo kabla hajaelewa, halafu wanamtengea usiku mzima wa kuuliza. Mimi nilichukua nusu ya kwanza tu. Na yule mtoto wa miaka 12 aliyepatikana hekaluni akisikiliza na kuuliza maswali alikuwa amepandishwa Yerusalemu kwa sikukuu hiyohiyo.

Mwezi wa sita nitarudi kigango kile. Kwa goti lile nina jibu, na nimeshamwomba katekista anitengee dakika kumi kabla ya kipindi.